Koti la Mukhisa Lafuzu

Mukhisa, karani wa ofisi moja ya serikali Bungoma, alikuwa na koti la kuvaa na koti la kuning'iniza kwenye kiti, ili wananchi waamini hayuko mbali. Alipotumwa Kitale kusomea huduma kwa umma wiki nzima, alibeba hilo la pili. Jumatatu akakivisha kiti cha ukumbini koti hilo, akaenda zake mtaa wa Matisi kwa shemeji kula kuku.

Ijumaa alikuta mkufunzi amebana bahasha ya cheti kwenye kola. Kumbe koti linajua kazi! Akaipeleka bila kuifungua kwa mkubwa wake, Madam Phelista.

Madam akasoma kwa sauti: "Koti la Bwana Mukhisa limehudhuria siku zote tano."

Akamtazama. "Limekupita masomo, Mukhisa. Kuanzia leo ndilo mkubwa wako. Ukitaka ruhusa, uliombe."