Matanga ya Bingwa wa Upanga

Mwaka huu mzima binti yangu Kagendo, mwenye miaka kumi na mitano, hakutaka tuonekane pamoja popote isipokuwa kanisani, na hata huko alikaa viti vitatu mbele yangu. Kwa hiyo aliponialika kwenye makumbusho madogo ya Kuroda Genzo, bingwa wa upanga wa Kijapani anayemhusudu, nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza maswali. Nilichoshika ni kwamba Jumamosi ni kumbukumbu ya kifo chake, na mzee anayetunza makumbusho ni wa ukoo wake. Akaniomba pia nisimwaibishe.

Sasa, mimi ni mtu wa Meru. Kwenye msiba siendi mikono mitupu. Nilikanda mandazi, nikajaza chupa mbili za chai ya maziwa, nikamvuta na Winfred, muuguzi mwenzangu, maana pole haitolewi na mtu mmoja. Tukajifunga leso viunoni.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja juu ya ghala la vigae huko Downsview, mtaa wa jiji hili la ughaibuni tunakoishi. Kagendo, aliyetangulia na basi, alituona tukiingia na machupa yetu, akajificha nyuma ya kabati la kioo. Nilimshika yule mzee mtunzaji, Hideo, mikono yote miwili, nikampa pole, nikamuuliza marehemu aliugua muda gani.

Mzee alinitazama, kisha akasema taratibu kwamba marehemu alifariki miaka mia tatu na themanini iliyopita.

Winfred alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nyuma ya kioo, kati ya panga mbili, nilimwona mwanangu ameziba macho kwa viganja, nikajua nafasi yangu ndiyo hiyo imekwenda. Iliniuma sana.

Lakini mzee hakucheka. Aliuliza kama mandazi bado yana moto. Akapanga matatu kwenye sahani mbele ya picha ya bingwa, akainama. Kwao pia, alisema, siku kama hii marehemu huwekewa chakula, ila tangu mkewe afariki yeye huweka biskuti za dukani. Winfred akaninong'oneza kwamba sisi tuliookoka hatulishi wafu. Nikamwambia basi tumlishe mzee.

Tukamlisha. Alikula matano. Wageni wengine wakaingia, wakapewa vikombe, na mzee akatuonyesha pigo maarufu la Kuroda kwa kijiko cha sukari. Winfred akalijaribu, akamwaga chai yake yote. Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka mpaka machozi.

Ndipo mzee akaniuliza ni nani aliyenialika. Nilifungua kinywa nidanganye kwamba niliona tangazo, ili nimsitiri mtoto. Kagendo akatoka nyuma ya kabati, akanipokea chupa, akamwongezea mzee chai.

"Huyu ni mama yangu," alisema, na kila mtu akasikia. "Mimi ndiye niliyemleta."