Glavu za Thurlow

Kaka yangu Thurlow alikuwa na glavu nyingi za kushoto kuliko mtu yeyote katika kaunti yetu huku Maine, Marekani, na hakuna hata moja aliyoivaa. Zile za kulia zilichakaa zikatupwa, za kushoto akazirundika kwenye ndoo nyuma ya pikapu, na kila Agosti ndoo ile ilikwenda naye shambani. Zilikuwa glavu za nyigu.

Bluberi zetu, yale matunda madogo ya buluu, ni za mwituni, fupi, zinatambaa chini. Kila mtu anatandaza nyuzi mbili kupima safu yake, anainama katikati yake na kitana cha chuma, anachana matunda. Na nyigu wa kwetu wanakaa ardhini, mlemle ndani ya bluberi. Ukiona mlango wao, hupigi kelele wala hurushi mikono. Unarudi nyuma taratibu, unachomeka kijiti pale, unakivika glavu, unaruka kipande hicho, maisha yanaendelea. Baba yetu alifanya hivyo, na sisi tunafanya hivyo. Glavu juu ya kijiti maana yake pana wenyewe hapo, pita mbali.

Thurlow alikuwa na sababu ya kuweka glavu nyingi kuliko sisi, na sababu hiyo tuliijua watu wawili tu. Msimu mmoja nyigu alimuuma shingoni akiwa anatengeneza baraza, akavimba mpaka akawa anavuta pumzi kwa filimbi. Mimi ndiye niliyemwendesha hospitalini. Daktari akamwambia ana mzio mbaya, na kwamba nyigu wa safari nyingine anaweza kummaliza. Akampa sindano mbili za dharura, zile zinazofanana na kalamu nene. Tulipokuwa tunakaribia nyumbani akasema:

"Avis, ukimwambia Marlys, sitakusemesha mpaka nife."

"Na ukienda shambani bila sindano, hutakuwa na muda mrefu wa kuninunia."

Marlys ni binti yake, mtoto pekee, na tangu mama yake afariki anamlinda baba yake kwa ukali wa mbwa wa ulinzi. Angejua, angemfungia ndani Agosti nzima. Na Thurlow bila shamba ni nani? Alianza kuchana bluberi kabla hajaweza kunyanyua ndoo. Basi tukapatana: sindano moja mfuko wake wa shati, nyingine ndani ya kopo langu la chakula. Sikuyapenda mapatano hayo hata kidogo. Nampenda kaka yangu, na kila alipoinama kwenye bluberi nilimtupia jicho.

Sasa mwaka uliofuata Marlys akaleta mchumba. Anaitwa Ansel, kijana wa mjini Portland, hukuhuku Maine, mrefu, mpole kupita kiasi, na siku ya kwanza alishuka garini akinukia duka zima la maua.

"Umejipaka nini wewe?" nikamuuliza.

"Sabuni tu, Shangazi. Na mafuta kidogo. Na manukato, lakini kidogo sana."

"Nyigu watafikiri wewe ndiye chakula cha mchana. Nenda kaoge mtoni."

Alienda, masikini. Akarudi amelowa, nikamvua lile shati lake la njano la kung'aa, nikampa la zamani la Elwood, binamu yetu, nikamchomekea suruali ndani ya soksi. Mbu walikuwa wameshamsaini shingo yote. Marlys alicheka mpaka akakaa chini.

"Mbona hukuniambia?" Ansel akamlalamikia.

"Nilitaka nione utampendeza Baba vipi."

Hakumpendeza. Thurlow alimtazama soksi, akamtazama uso, akasema "Haya," akaenda zake. Kwa siku kadhaa neno likawa ni hilohilo: haya asubuhi, haya jioni. Kijana alihangaika. Alimbebea ndoo, akamfutia viti vya pikapu, akacheka vichekesho vya Elwood visivyochekesha. Alitaka kupata neno la pili kwa mzee yule, na mtu yeyote angeona alivyolitaka.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, bila upepo. Tulikuwa tumekula, Thurlow amerudi shambani kutandaza nyuzi za safu mpya, nami nikaenda kwenye pikapu kutafuta chupa yangu ya chai. Nikakuta glavu. Zimepangwa vizuri nyuma ya pikapu, zimekung'utwa udongo, vidole vimenyooshwa, zote za kushoto.

"Ansel," nikasema, "hizi zimetoka wapi?"

Alikuwa amesimama kando, uso umejaa furaha.

"Bwana Thurlow alikuwa anazidondosha, Shangazi. Kuna mtu mwema alimtundikia vijitini azione. Nimemwokotea."

Naapa sikumkasirikia, maana nilielewa papo hapo. Kwetu huku wakati wa theluji, ukikuta glavu barabarani unaitundika kwenye nguzo ya ua ili mwenyewe akipita aione. Kila mtoto wa Maine amefundishwa hivyo. Kijana alifundishwa vizuri, tatizo lake ni hilo tu, na sisi hakuna aliyekumbuka kumweleza glavu za Agosti.

"Umeokota ngapi?"

"Zote."

Nikageuka kutazama shamba. Thurlow alikuwa mbali kidogo, anatandaza uzi, na uzi unautandaza ukirudi kinyumenyume ili ubaki umenyooka. Kila baada ya hatua chache alikuwa anatupa jicho juu ya bega, anatafuta glavu, haoni, anaendelea kurudi nyuma kwa amani kabisa.

"Thurlow!" nikapiga kelele. "Simama hapohapo!"

Sasa mnieleze, ni lini kaka mkubwa amemtii dada yake mdogo? Akaniangalia, akakunja uso, akarudi hatua moja zaidi.

Waliinuka chini ya kisigino chake. Nilisikia mvumo kabla sijawaona. Thurlow hakukimbia, hajawahi kukimbia maishani, akaanza kutembea haraka huku anajipiga sikio. Aliyekimbia ni Ansel. Na hakukimbilia barabarani alikokimbilia Elwood, alikimbilia kwenye nyigu. Akamkamata mzee mkanda wa suruali, akamvuta mpaka akamfikisha kwenye pikapu, na nyigu wakagawana wote wawili bila upendeleo.

Hapo kila mtu akawa daktari. Elwood alichomoa kitunguu ndani ya mkate wake uliobaki.

"Sugua kitunguu! Mama alikuwa anasugua kitunguu!"

"Tope ndiyo dawa," akasema Marlys, naye ameshashika konzi ya tope na anampaka Ansel jicho. "Baba, geuka nikupake."

"Tope linamsaidia nini? Linamchafua tu."

"Na kitunguu chako chenye haradali kinamsaidia nini?"

Ansel, jicho moja limefunga, akawa anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa kitunguu. Thurlow hakusema kitu. Kwa kuwa huwa hasemi kitu, hakuna aliyeshtuka. Midomo yake ikaanza kuvimba, Elwood akapasuka kwa kicheko.

"Umependeza, Thurlow! Sasa una midomo ya kumbusu mkwe!"

Mimi nilikuwa natazama mkono wake. Ulipanda mpaka mfuko wa shati, ukaingia, ukatoka na penseli. Penseli ya useremala! Alikuwa ameacha sindano nyumbani, mfuko ukashika penseli. Akaniangalia, na nikasikia ile filimbi kifuani mwake.

"Nyamazeni wote!" nikafoka. "Ana mzio! Nyigu wanamuua! Marlys, piga simu waite gari la wagonjwa. Elwood, tupa hicho kitunguu umlaze chini, miguu ipandishe kwenye ndoo."

"Mzio gani?" Marlys akasema. "Shangazi, mzio gani?"

"Piga simu!"

Kopo langu la chakula lilikuwa kwenye kiti cha mbele. Sikumbuki nilivyolifikia. Nakumbuka nikitoa kifuniko cha sindano kwa meno, nikapiga magoti, nikamchoma kaka yangu paja kupitia suruali, nikaigandamiza pale huku namwambia, "Ukifa nitakuua, unanisikia? Nitakuua." Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, wala sitaki tena.

Tukangoja, hakuna aliyecheka. Kisha filimbi ikalegea kidogo, Thurlow akafumbua jicho, akanitukana tusi moja refu la kiume kwa midomo iliyovimba. Nilitamani alirudie.

Gari lilikuja, wakamchukua, wakamlaza mpaka asubuhi. Marlys alisimama mbele yangu barabarani, machozi na tope vimechanganyika usoni.

"Ulijua."

"Nilijua. Lakini kasirika na baba yako kwanza. Mimi nitapanga foleni."

Hakucheka, ila alinishika mkono.

Asubuhi hukumu ikatoka. Daktari alisema na Marlys akarudia kwa sauti kubwa zaidi: hakuna tena bluberi, si mwaka huu, si mwaka wowote. Thurlow akajibu "Haya," akaenda kukaa ndani ya pikapu. Hakuna aliyethubutu kumtoa, kwa hiyo tukaenda naye, vioo vimepandishwa juu, tukaegesha pembeni mwa shamba, ndani kuna mzee mwenye uso mwekundu uliovimba.

Tukachana. Akapiga honi. Elwood ameacha matunda nyuma, honi. Marlys ameegemea kitana, honi. Lakini aliyeipata kweli ni Ansel, ambaye jicho lake lilikuwa bado halijafunguka na uzi wake ulikuwa umepinda. Kwake honi ilipigwa mfululizo, na kila ilipolia alizidi kujikunja mpaka nikaona aibu kwa niaba ya ukoo wetu. Nikaweka kitana chini, nimeshajiandaa kwenda kumwambia kaka yangu maneno.

Ansel alinitangulia. Alisimama, akanyoosha mgongo, akaenda nyuma ya pikapu akachagua glavu moja. Akatafuta kijiti, akakichomeka ardhini karibu kabisa na mlango wa dereva, akakivika glavu ile. Akarudi nyuma taratibu, bila kurusha mikono, macho yake kwa Thurlow.

Elwood alivua kofia.

Thurlow aliitazama ile glavu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni pumzi tena, nikakimbia, kumbe mtu anacheka. Alicheka huku ameshika midomo kwa vile inauma, akacheka mpaka pikapu ikayumba, na Marlys naye akaanza, tukaanza wote.

Alipomaliza alishusha kioo kidogo tu, upana wa kupitisha mkono. Akatoa kitana. Si kile tulichompa Ansel, bali kile chenye mpini wa mti uliong'azwa na viganja, cha baba yetu, ambacho Thurlow hajawahi kumwazima mtu, hata mimi.

"Hicho ulichonacho ni cha wageni," akasema. "Shika hiki. Na uzi wako umepinda, mwanangu."

Ansel alikipokea kwa mikono miwili. Thurlow akapandisha kioo haraka, akageuza uso upande wa pili, kwenye miti, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameliacha shamba kweli, na kwamba ameliacha kwa mtu. Ilinichoma kuliko nyigu.

"Kulikoni?" Elwood akaniuliza, ananitazama nikifuta macho.

"Visubi wameniingia machoni," nikamwambia. "Chana bluberi."

Honi haikulia tena siku ile. Glavu tuliiacha palepale mlangoni mpaka jioni, na kila asubuhi tulipoegesha, Thurlow mwenyewe alikuwa akishusha kioo kuhakikisha Ansel ameichomeka.