Siku Åshild Alipowageuza Wageni

Kwaru, kwaru. Kabla hakujapambazuka nilisikia chuma kikikwangua mbao jikoni, nikajua mjukuu wangu Åshild ameamka. Nilimkuta ameinamia ski za wageni, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, anaondoa nta ya jana na kupaka mpya.

"Bibi, si ungelala kidogo?"

"Na nani atakuwa mkia?" nikamjibu, nikateleka kahawa.

Kwetu mmoja hutangulia mlimani, na wa mwisho, yaani mkia, huangalia asiachwe mtu. Miaka yote mwanangu Halvard ndiye aliyetangulia. Mwaka huu goti lilimkatalia. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwambia bintiye mbele yetu sote: "Wapeleke mpaka kibanda cha juu. Wakirudi wameridhika, wageni wa Pasaka yote ni wako. Wakinung'unika, kesho nakwenda mwenyewe, na goti hili hili."

Tuliondoka na jua. Åshild mbele, akikanyaga theluji mpya ili wengine wapate njia. Nyuma yake Severin, mtu wa mji wa Bergen, ambaye mdomo wake haukufungwa tangu ashuke garini. Kisha mkewe Dagny, rafiki zao wawili, na mimi.

"Ongeza mwendo, binti!" Severin akapaza sauti. "Bibi huku nyuma anasinzia!"

"Mimi naweza kusinzia huku natembea," nikasema. "Wewe jaribu kunyamaza huku unatembea."

Wakacheka.

Tulipumzika pale miti inapoishia. Åshild alichimba theluji akatujengea kinga, akagawa machungwa. Kibanda tulikiona juu, karibu kabisa. Nilimwona akimtazama Dagny, aliyekuwa akimenya chungwa lake amesimama. Wote tulikuwa tumeketi. Mtu akikataa kuketi baada ya kupanda namna ile, anaogopa hataweza kuinuka.

Åshild akakitazama kilele kwa muda.

"Tunageuka," akasema. "Siupendi ule upepo."

"Upepo gani?" Severin akaruka. "Hata unyoya haupepei! Baba yako angetufikisha."

Uso wa mjukuu wangu ukawa mwekundu. Akanitazama. Neno langu moja lingetosha, lakini wangenifuata mimi, si yeye. Nikajishughulisha na kamba za mkoba wangu.

"Kwetu kugeuka si aibu," akasema kwa upole. "Dagny, njoo nyuma yangu. Upande huu mteremko ni laini."

Akatushusha kwa mizunguko mirefu, akisimama mara kwa mara kurekebisha kiatu ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Kila aliposimama, Dagny alipumua.

Jioni Halvard hakungoja hata tuketi mezani. "Kibandani kukoje?"

"Hatukufika, baba. Niliwageuza. Upepo."

Halvard akachechemea mpaka dirishani. Mlima ulikuwa mweupe, umetulia tuli.

"Upepo?"

Åshild akamwongezea Severin viazi.

Dagny akaweka uma chini. "Ni nyonga yangu. Iliniuma tangu asubuhi, nikaficha nisiwaharibie siku. Huyu binti aliona, na hakutaka kuniaibisha."

"Dagny!" mumewe akashtuka. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenyamaza saa ngapi nikuambie?"

Severin akacheka mpaka machozi. "Basi huo upepo ni mimi," akasema, akamshika Åshild mkono. "Nisamehe, kiongozi."

Halvard akakaa. Akakata kipande cha kwanza cha kondoo, kile cha mgeni wa heshima, akakiweka kwenye sahani ya bintiye.

"Kesho unawapeleka wapi?" akamuuliza.

Nilijaa fahari hata chakula kikanishinda.

Åshild aliwaongoza siku zote zilizobaki, na Dagny alikwenda naye kila siku, njia fupi za bondeni. Asubuhi ya kuondoka Dagny alimkumbatia Åshild pale penye gari, hataki kumwachia.

"Uje Bergen, mwanangu. Mvua yetu haikatiki, lakini kitanda kipo. Uje, na ukishakuja, uje tena."