Neno Alilofundishwa Huguette

Wiki nzima Huguette alilifanyia mazoezi lile neno. Alilisema akisonga bukari, akalisema akishona, akalisema hata kwenye foleni ya bomba la maji. Aliyemfundisha ni mumewe, Hénock, mkalimani wa mgodi mmoja wa Kolwezi, upande wa Mashamba. Wakubwa wa mgodi, patron na mkewe, walikuwa wamealika familia za wafanyakazi kwenye karamu ya Jumamosi.

"Bazungu bale habasikie Kifaransa," Hénock alimwambia. "Madame ya patron akikuuliza we ni nani, umujibu: *I am Hénock's maid*."

"Meidi njo bibi?"

"Njo bibi. Kifaransa banasema *mariée*, mwanamuke wa kuolewa; Kiingereza, *maid*. Hausikie bile inafanana?"

Huguette alisikia inafanana. Alikuwa ametolewa mali ya mahari kwao Musumba mbele ya wazee wa pande mbili, akamfuata mume mpaka Kolwezi, akashona sare za shule miaka minane ili mume asome Kiingereza bila mawazo. Angemshuku kwa lipi? Akajishonea blauzi mpya ya kitenge cha njano.

Siku ya karamu, mke wa patron, mama mnene mwenye mvi, alimpa mkono na kumuuliza kwa Kiingereza. Huguette akanyoosha mgongo, akalisema kwa sauti ili watu wasikie. Yule mama akatazamana na mumewe, wakaitikia kwa vichwa kama watu waliopata jibu walilokuwa wakilitafuta. Kisha akamkabidhi Huguette aproni na sinia la glasi.

Huguette hakushangaa. Kwao, ukweni kukiwa na shughuli, mke haketi. Alipeleka bia, akaokota mifupa ya kuku mezani, akaosha sahani pamoja na wapishi. Kila aliposhukuriwa alirudia sentensi yake na kucheka. Madereva wawili wa malori kutoka Zambia walimwomba aiseme tena. Akaisema tena. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Wafanyakazi waliomfahamu walitazama sahani zao. Hénock alikuwa mdomo wa patron, na hakuna aliyetaka kugombana na mdomo ule.

Mwishowe patron alishika maikrofoni. Huguette hakuelewa kitu mpaka aliposikia: "*Hénock and his fiancée, Tatiana.*"

*Fiancée*, mchumba, alilijua. Kolwezi hata muuza ndizi analijua. Alimwona Tatiana, sekretari wa patron, akisimama na gauni la buluu, mkono wake ndani ya mkono wa Hénock, na watu wakipiga makofi. Alingoja mpaka Tatiana alipobaki peke yake kwenye meza ya vinywaji, akamwendea na sinia lake la glasi.

"Mama, samahani. Unanijua?"

"Nakujua, yaya," Tatiana alijibu, kama anayemwita dada yake mkubwa.

"Mi ni bibi ya Hénock."

"Ile pia najua." Tatiana hakushusha hata sauti. "Bantu ba kazi balikuwa banasema ako na bibi ku cité. Patron akakatala kutubariki mpaka ajue kweli. Leo ameisikia mu kinywa yako mwenyewe."

"Mi nimesema bibi!"

"Umesema mutumishi ya nyumba. Ile neno, ni mi nilimutafutia." Akachukua glasi moja kwenye sinia. "*Merci*, yaya."

Huguette aliweka sinia chini na kumkimbilia patron. Akasema yote, Kiswahili na Kifaransa vikichanganyika na machozi: Musumba, wazee, mali, miaka minane, sare za shule. Patron alimsikiliza kwa upole. Kisha, kama alivyozoea kila asiposikia lugha, akageuka kumtafuta mkalimani wake.

Hénock akaja. Alimwacha mkewe aseme mpaka mwisho, mikono yake ikiwa nyuma, uso umetulia kama wa mtu aliye kazini. Kisha akatafsiri kwa maneno machache; kati yake Huguette alilitambua moja tu, *maid*.

Mke wa patron alishika kifua kwa huruma. Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na mfuko uliojaa mapaja ya kuku yaliyobaki, akamtia Huguette mikononi na kumpigapiga begani. Mlinzi akamsindikiza mpaka getini.

Jumapili mchana Hénock alikuja na gari kuchukua vitu vyake. Huguette alikuwa amekaa kitandani, bado na blauzi ile ile ya njano.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungesema, Huguette, nimekuchoka, rudia kwenu. Ningeenda."

"Ungelia mbele ya bantu."

"Na sasa?"

"Sasa pia umelia. Lakini kwanza ulicheka." Akatupa begi kitandani. "Chemise zangu ziko wapi?"

Huguette akazitoa kabatini, akaanza kuzikunja: kola kwanza, kisha mikono, kama Hénock anavyozipenda. Alipofika ya tatu aliona mikono yake inafanya nini, akaiacha nusu. Hénock akazisukuma zilizobaki ndani ya begi bila kuzikunja, akafunga zipu kwa nguvu, akatoka.

Alimuoa Tatiana mwezi wa nane. Wazee wa Musumba walipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza Hénock aliwajibu kwamba ndoa ya kule haijulikani Kolwezi. Mara ya pili hakupokea.