Jicho la Siagi

Hilja alikuwa amepika katika jiko la hospitali ile ya wagonjwa wa akili kwa miaka kumi na mmoja, na kabla ya hapo alikamua ng'ombe tangu ana miaka saba. Maziwa hayakuweza kumdanganya. Jumatatu ile alichemsha maziwa ya dumu jipya, akayaacha yapoe, akangoja utando. Haukuja. Juu vilielea vitone vidogo vinavyong'aa, kama mafuta ya taa kwenye dimbwi.

"Malai yameibwa," alisema.

Saimi, mwenzake wa kumenya viazi, hakuinua hata uso. "Kwako wewe kila kitu kimeibwa. Mwezi jana ilikuwa iliki."

"Iliki iliibwa kweli."

"Tuliikuta kwenye mfuko wa aproni yako, dada."

Hilja hakucheka. Wodi ya tatu alilazwa kaka yake Tauno, mtu aliyesema maneno mawili matatu kwa mwaka, na chakula alichokubali ni uji wa shayiri tu, tena uwe na jicho. Kila asubuhi Hilja alichimba kishimo katikati ya bakuli kwa mgongo wa kijiko, akatia kipande cha siagi kikayeyuka humo, cha manjano na cha mviringo, kama mama yao alivyowawekea walipokuwa watoto. Tauno alianzia pembeni, akalizunguka jicho polepole bila kulitoboa, akalila mwisho kabisa.

Sasa siagi nayo ilikuwa imegeuka. Haikutulia kishimoni, ilisambaa ukingoni ikapotea. Tauno alitazama, akasukuma bakuli. Siku ya kwanza, ya pili, ya sita. Shati likaanza kumpwaya, na mifupa ya mabega ikaonekana.

Mwizi, kwa hesabu ya Hilja, hakuwa mwingine ila Vihtori, bwana stoo. Ana shingo nene, na mke wake huoka maandazi ya kuuza sokoni. Tangu lini maandazi yale yamekuwa laini hivyo? Akamvizia. Alhamisi, Vihtori alipokwenda kunywa kahawa, Hilja akaingia stoo. Akakuta pipa la mafuta ya soya na makopo ya siagi ya kiwandani. Rafu ya juu, ndani ya karatasi ya nta, siagi yenyewe. Aliinusa tu, akamjua hadi ng'ombe.

"Unatafuta nini humu, mama?" Vihtori alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Nimekukamata!"

"Umenikamata na nini? Hiyo ni ya meza ya madaktari."

"Madaktari wale siagi, wagonjwa wale mafuta ya kulainishia bawaba?"

"Punguza sauti. Ni amri ya Daktari Lindholm. Mimi natoa kilichoandikwa. Ukitaka kugomba, kagombe na karatasi."

Hilja hakugomba na karatasi. Vihtori alipogeuka aliweka kipande chini ya aproni, na kesho yake Tauno akala mpaka bakuli likang'aa. Ikawa hivyo karibu miezi miwili. Mwizi sasa alikuwa yeye, lakini hilo hakumwambia hata Saimi.

Kisha wagonjwa wakatolewa damu ya kupimwa, na Hilja akaitwa ofisini.

"Bi Hilja," alisema Daktari Lindholm, kwa upole uliomfanya Hilja amshuku zaidi, "mafuta kwenye damu ya wodi nzima yamepungua. Ya Tauno yako palepale. Unamlisha nini?"

"Nyinyi mnawalisha nini?"

Daktari akamweleza. Hapa wameondoa mafuta ya maziwa wakaweka ya soya, katika hospitali nyingine wameacha yalivyokuwa, na baada ya miaka watahesabu wapi mioyo imesimama zaidi. Wakijua, wataishauri serikali iwaambie watu wale nini.

"Tangu mmebadilisha," Hilja alisema, "wanaomba mkate mara mbili. Kahawa yao wanaijaza sukari mpaka kijiko kinasimama. Hilo mmeliandika wapi?"

Daktari akajikuna kidevu. "Hilo tunabishana sisi wenyewe. Wapo wanaosema ubaya ni mafuta, wapo wanaosema ni sukari na unga."

"Mnabishana, halafu mnajaribia kwa kaka yangu. Na siagi iliyo kwenye meza yenu?"

Uso ukamwiva daktari. "Sisi hatumo kwenye utafiti."

"Basi na Tauno hayumo. Mfute."

Akachukua kalamu, lakini hakuandika mara moja. "Nitamfuta. Siagi utapewa na Vihtori, waziwazi. Lakini niambie jambo moja. Baba yenu alikufa kwa nini?"

Hilja aliitazama kalamu. Baba alianguka kwenye theluji na msumeno mkononi, ana miaka arobaini na minne. Arvi, kaka yao mkubwa, aliangukia mlangoni mwa sauna, bafu lao la mvuke, akiwa na arobaini na saba, ameshika kifua. Kule ziwani kwao kila nyumba ilikuwa na mwanamume wa namna hiyo ukutani, ndani ya fremu. Tauno angetimiza arobaini na mitano majira ya majani kuanguka.

Kalamu ikapita juu ya jina.

Asubuhi iliyofuata Vihtori akampa siagi. Hilja akakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakitazama. Alikuwa amelishuku dumu, akamshuku Vihtori, akamshuku daktari. Siagi hakuwahi kuishuku. Akakinusa, na harufu ilikuwa ileile ya jikoni kwa mama. Akakirudisha. Akakata kingine, kidogo, sawa na kifungo cha koti.

Tauno alilitazama jicho lile dogo kwa muda mrefu. Akatazama mikono ya dada yake, kisha mifuko ya aproni, mmoja baada ya mwingine, vilevile Hilja alivyokuwa akimtazama bwana stoo.

"Nani ameiba?" aliuliza.

Hilja akakaa pembezoni mwa kitanda, kijiko mkononi, asijue amtaje nani.