Kandambili za Mama Mkwe

Mwalimu wa udereva alikuwa na sauti ya kusikika mtaa wa pili. Meneja wa benki alifokewa kwa kusahau mkanda, fundi cherehani kwa kushika simu kwenye usukani. Ila kwa mama mkwe, mwalimu hakuwa na ulimi. Mkwe ni mkwe. Na huyu, tangu siku ya posa, hakuwahi kumpa zaidi ya "marahaba", na mwalimu alitamani mno apendwe naye.

Kwa hiyo mama huyo alipoomba afundishwe kwa gari lake mwenyewe, mwalimu nusura aruke kwa furaha. Kisha akamtazama miguuni. Alikuwa amevaa kandambili.

Angekuwa mwingine, angeshushwa. Huyu aliambiwa tu kwamba siku kama hii inapendeza mtu akikanyaga peku. Mama mkwe akakubali kuwa inapendeza kweli, akatia gia.

Wakaondoka kwa madaha. Mama alikuwa mwepesi: akaonyesha ishara kila kona, akawapisha waenda kwa miguu, akaanza hata kuimba. Mwalimu akaitikia wimbo, kwa adabu. Walipoanza kuteremka kuelekea kwa seremala aliyepanga vitanda kando ya barabara, kandambili ya kulia ikachomoka, ikajisokota chini ya breki. Mama akakanyaga, breki haikushuka. Gari likashika kasi. Seremala akatupa randa na kurukia kitandani, kana kwamba huko hakufikiki.

"Toa mguu, mama! Shika usukani!" mwalimu akanguruma. Mkono mmoja ukipandisha breki ya mkono taratibu, akainama miguuni pa mkwewe, akaichomoa kandambili na kuitupa dirishani. "Kanyaga sasa!"

Gari likasimama, bampa likigusa tendegu.

Mwalimu aliiona ndoa yake ikifungasha virago. Akaanza kuomba radhi kwa kunong'ona.

Mama mkwe akaangua kicheko hadi kilemba kikamlegea.

"Kumbe unayo sauti," akasema akifuta machozi. "Miaka yote unanipa shikamoo tu na kunyamaza. Nikadhani hunipendi, mwanangu."

Mwanangu! Mwalimu akageukia dirisha mpaka macho yalipokauka. Mama akatupa kandambili ya pili nje, akawasha gari na kumtaka amfokee vizuri, kama mtu wa nyumbani.

"Vioo kwanza, mama!" akafoka, mtaa wa pili ukasikia.