Mahali pa Bedan

Mwaka wa hamsini na nne bendi yetu ilipiga dansi Thika, Jumamosi mchana, maana usiku ulikuwa wa kafyu, hakuna kutoka nje. Nilipiga saksafoni, na mimi ndiye niliyepanga nyimbo: nani aingie wapi, nani anyamaze. Kazi hiyo niliipenda kuliko chakula, wala sikumbembeleza mtu. Macharia alipozidi kukwama kwenye solo yake, nilimnyang'anya mbele ya bendi nzima, nikampa mwenzake, Bedan.

"Sawa, Mwalimu," Macharia alisema, akafunga saksafoni yake.

Wiki iliyofuata askari wa mkoloni, wakisaka Mau Mau, walituzoa wanaume wote wa Ruiru, tulikoishi, wakatupanga mstari karibu na stesheni. Mbele yetu alisimama gakunia, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho. Akikuinamishia kichwa, unapanda lori, na waliopanda hawakuwa wakirudi.

Zamu yangu ilipofika nikatazama chini kwa woga. Hapo nikaona vidole vyake vikibonyeza paja. Ndivyo nilivyowafundisha wapigaji wangu kujinoa bila ala. Vidole vilikuwa vinapiga ile solo, na vilikwama palepale Macharia alipokuwa akikwama.

Leo nimekwisha, nikajiambia. Lakini gunia halikusogea, na askari akanisukuma nipite. Nyuma yangu alikuwa Bedan. Gunia likainama.

"Ngai! Mungu wangu, mimi nimefanya nini?" Bedan alilia. "Mwalimu, waambie!"

Nilifungua mdomo. Kitako cha bunduki kikaufunga.

Jumamosi Macharia alifika ukumbini mapema, shati limenyooshwa vizuri.

"Pole kwa yaliyompata Bedan, Mwalimu. Sasa ile solo nani atapiga?"

"Kaa mahali pako. Utasikia."

Hasira ilinipanda, na woga pia. Nikawanong'oneza wale wengine: tukifika mahali pa Bedan, pale pa ile solo, kila mtu aache kupiga. Hata ngoma.

Tulipofika, tukaacha. Watu waliokuwa wakicheza wakasimama, wakatukodolea macho. Nikamgeukia Macharia. Saksafoni ilining'inia shingoni mwake, mkono uko pajani, na vidole vinabonyeza.

Akainua macho, akaona ninachotazama. Vidole vikasimama.

Kisha, polepole, akaniinamishia kichwa.